Chombo Kina Karatasi, Diko Halina

Mvuvi wa Malindi anayetaka kwenda baharini bila kukimbizana na mtu anahitaji karatasi nyingi kuliko samaki anaowapata siku ya bahari mbaya. Chombo chake lazima kisajiliwe. Yeye mwenyewe awe na leseni ya kuvua, ambayo hufa kila mwaka na kufufuliwa kwa pesa. Awe mwanachama wa BMU, kile chama cha ufuo ambacho tangu kanuni za 2007 ndicho kinachojua nani ni mvuvi wa wapi. Mkaguzi wa Mamlaka ya Bahari aseme mashua haivuji na jaketi za kuelea zinatosha. Akigeuza biashara, abebe watalii waende kuona matumbawe, anakutana na KWS, na kaunti nayo inataka chake. Na kabla hajafika kwenye dirisha lolote kati ya hayo, anaulizwa kitambulisho.

Siandiki haya kulalamika. Bahari inaua, na mtu anayepakia watu ishirini kwenye mashua bila jaketi hata moja anastahili kuzuiwa. Nilichotaka kujua ni kitu kingine: hizi karatasi zilianza lini pwani hii, na kwa nini zote zinaongea na chombo tu. Maana kuna kitu kimoja ambacho bila hicho hakuna uvuvi, na mara nyingi hakina karatasi hata moja. Diko.

Kama umekulia mbali na bahari, diko ni mahali vyombo vinapofikia. Usifikirie gati, hakuna saruji hapo. Ni mchanga wenye mteremko mzuri, mlango kwenye mwamba ambao manahodha wanaujua hata usiku, mkungu wa kivuli, watu wanaoshona nyavu, mzani, tajiri na daftari lake, mama karanga na makarai yao, na njia nyembamba ya kupandia barabarani. Siku hizi wengi husema bandari, hata kama ni mitumbwi sita tu imelala kwenye mchanga. Babu yangu aliyekuwa akitega malema hakuwahi kusema bandari. Alisema diko, na nitamfuata.

*

Tuanze na neno lenyewe. Karatasi tumelitoa kwenye Kiarabu, qirtas. Wareno nao walilichukua hukohuko, kwao likawa cartaz. Kwa hiyo Mreno alipomsimamisha nahodha katikati ya Bahari ya Hindi na kumwambia aonyeshe cartaz, neno alilotumia lilikuwa ndugu wa hili letu la daftari na mtihani. Ni kama kukutana na binamu yako barabarani, kumbe amevaa sare ya askari.

Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, baada ya mambo kuharibika Mombasa. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na ugomvi wake wa siku nyingi na Mombasa, akampokea vizuri na kumpa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Shuleni tuliishia hapo: rubani, nguzo, picha ya nguzo kwenye kitabu. (Na kama uliambiwa rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, wanahistoria wengi siku hizi hawaafiki.) Kilichofuata ndicho hatukufundishwa. Kabla ya Wareno, watawala wa miji ya pwani walitoza ushuru bandarini, chombo kikishafika. Maji yenyewe, pale kati ya Malindi na Gujarati, hayakuwa na mwenye kuyakatia tiketi. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1500 Wareno wakasema yanaye.

Cartaz iliandikwa jina la nahodha, ukubwa wa chombo, mabaharia wake, kinatoka wapi na kinakwenda wapi. Iliandikwa pia vitu ambavyo chombo hakiruhusiwi kubeba: silaha, na viungo ambavyo mfalme wa Ureno aliviweka kuwa biashara yake, pilipili manga ya kwanza. Chombo kilichokamatwa bila cartaz kilinyang'anywa au kilizamishwa. Ada yake yenyewe ilikuwa ndogo, na hapo ndipo ujanja ulipo. Aliyeichukua alitakiwa kupitia bandari ya Wareno na kulipa ushuru pale. Karatasi ya bei rahisi inakuongoza hadi kwenye dirisha la bei ghali. Yeyote aliyewahi kuambiwa fomu ni ya bure anaelewa mfumo huu bila kufundishwa.

Malindi ilikuwa rafiki, na urafiki una faida zake. Mombasa iliporwa na kuchomwa moto na Francisco de Almeida 1505, ikaporwa tena 1528. Malindi haikuguswa. Lakini mtu wa Malindi aliyetaka kupeleka pembe za ndovu India bila kuogopa kuporwa njiani alihitaji karatasi kama mwingine yeyote. Sasa tazama urafiki ulivyoishia. Wareno walipokamata Mombasa na kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, walimchukua mfalme wa Malindi wakamfanya sultani wa Mombasa. Mji wake ukabaki nyuma ukafifia. Yeye na warithi wake wakajikuta wanaishi chini ya mizinga ya rafiki. Sultani Hasan bin Ahmad aligombana na makapteni wa ngome, ushuru na faida ya biashara vikiwa miongoni mwa waliyogombania, akakimbia, akauawa 1614. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa, akabatizwa Jeronimo, akarudi kutawala, na mwaka 1631 akaingia Fort Jesus na watu wake akamuua kapteni. Wengi tunalijua hilo tukio kama hadithi ya dini. Mimi nalisoma pia kama mwisho wa safari ndefu iliyoanza na mfalme mmoja kukubali kwamba mtu mwingine anaweza kutoa ruhusa ya kupita baharini.

Waomani waliiteka Fort Jesus 1698, na kwa Malindi hilo halikubadilisha mengi, kwa sababu mji ulikuwa umeshaanza kurudi msituni. Naruka hapo hadi 1861, mwaka ambao Sultani Majid wa Zanzibar aliufufua.

*

Malindi iliyofufuka ilikuwa mji wa mashamba. Mtama na ufuta ulipakiwa majahazini kwa maelfu ya magunia kwenda Uarabuni na kwingineko, na waliolima walikuwa watumwa. Nalisema wazi kwa sababu kuna namna ya kuandika historia ya majahazi, hasa kwenye kurasa za utalii, inayojaza tanga, machweo na harufu ya karafuu, halafu inasahau nani alikuwa chini ya sitaha. Karatasi za awamu ya pili zilikuja na sababu ya kweli.

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini, manowari za Waingereza zikiwa tayari kuizingira Zanzibar kama angekataa. Baada ya hapo doria zikakaza. Na doria ilikuwa na malipo: mabaharia wa Kiingereza walipata bakshishi kwa kila mtumwa aliyeokolewa, na pia kwa ukubwa wa chombo kilichokamatwa. Unaweza kukisia kilichotokea. Chombo kilichoshukiwa, bandari ikiwa mbali, kiliweza kuchomwa hukohuko baharini, na ubishi juu ya kama kweli kilikuwa cha watumwa ukabaki na majivu. Nahodha mwenye magunia ya ufuta na mabaharia wanne weusi alikuwa na la kujieleza. Karatasi yake iwe sawa, la sivyo.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels yakaandika sheria moja kuhusu biashara hiyo. Ndani yake kuna sehemu nzima ya vyombo vya pwani zetu, na ni kati ya maandishi yaliyonikalisha kitako. Kwanza yalibidi kusema chombo cha wenyeji ni kipi. Yakatoa vigezo viwili, kimoja kinatosha. Cha kwanza: kwa sura ya nje kionekane kimeundwa au kimetwekwa tanga kienyeji. Cha pili: nahodha na wengi wa mabaharia wawe wazaliwa wa nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu au Ghuba. Yaani, uundaji wako na asili yako. Ukiwa hivyo, unahitaji idhini ya kupeperusha bendera, ya kufanywa upya, orodha ya mabaharia, na orodha ya abiria weusi. Jina la chombo liandikwe kwenye tezi kwa herufi za Kilatini. Herufi ya bandari na namba ya usajili zichapwe kwa rangi nyeusi kwenye tanga.

Fikiria mwenye jahazi wa Takaungu wakati huo. Kama anajua kusoma, anasoma herufi za Kiarabu. Barua zake, hesabu zake, hirizi ya kwenye mlingoti, zote ni za Kiarabu. Anaambiwa jina la chombo chake liandikwe kwa herufi ambazo yeye mwenyewe hawezi kuzisoma, ili anayemsimamisha aweze.

Hata vyombo vidogo, vya watu wasiozidi kumi, vinavyovua karibu na nchi au kubeba mizigo kutoka kijiji hadi kijiji bila kwenda zaidi ya maili tano kutoka ufuoni, vilisamehewa baadhi ya masharti hayo tu. Badala yake vilitakiwa leseni maalumu, ya kufanywa upya kila mwaka. Nilipofika hapo niliacha kusoma kidogo. Leseni ya mashua ya uvuvi ya kila mwaka, ile ambayo watu wa Shela ya Malindi wanainung'unikia leo, ilikwisha kuandikwa Brussels kabla hata hakujawa na kitu kinachoitwa Kenya.

Watu walitafuta njia, kama kawaida. Ufaransa ilikuwa haijakubali manowari za Waingereza zipekue vyombo vyenye bendera yake. Kwa hiyo wenye majahazi, hasa wa Sur kule Oman ambao kila mwaka walishuka na kaskazi hadi pwani yetu, wakachukua karatasi za Kifaransa na kutweka bendera ya rangi tatu. Jahazi la Muarabu, shehena ya tende, mabaharia wa Sur, bendera ya Paris. Uingereza ikakasirika hadi kesi ikafika kwenye mahakama ya usuluhishi ya Hague, na tarehe 8 Agosti 1905 hukumu ikatoka: waliopewa bendera kabla ya 2 Januari 1892 waendelee nayo, wapya wasipewe ila kwa masharti finyu sana. Wanafunzi wa sheria za kimataifa bado wanaisoma kesi hiyo. Kwa watu wa majahazi ilikuwa jambo rahisi zaidi. Ukiwa na karatasi ya mkubwa mmoja, mkubwa wa pili anakuogopa.

*

Hadi hapo karatasi zote ni za chombo. Zamu ya nchi kavu ilikuja 1908, na diko likapitwa.

Uingereza ilikuwa imetangaza himaya yake 1895, na ukanda wa maili kumi wa pwani ukawa chini yake huku bendera ya Sultani wa Zanzibar ikiendelea kupepea. Mwaka 1908 ikatoka sheria ya hati za ardhi kwa ukanda huo. Ilisema hivi, kwa ufupi: mwenye kudai ardhi aje adai, alete ushahidi, apimiwe, apewe cheti. Ambayo haitadaiwa ni ya serikali ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuja ni waliojua kwamba kuna kuja: familia za Kiarabu na za Kiswahili zenye maandishi, wafanyabiashara wa Kihindi walionunua mashamba. Wamijikenda wengi, waliolima na kuzika hapo, hawakuingia kwenye daftari, na kisa cha maskwota wa pwani kinaanzia hapo kwa sehemu kubwa. Hilo limeandikwa sana na linastahili.

Swali langu ni dogo zaidi. Nani angekwenda kudai diko? Wanaolitumia ni wengi. Wengine wapo alfajiri tu. Wengine wanakuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Hakuna aliyepanda mnazi pale akaweza kusema huu wangu, na hata aliyepanda hakuupanda mchangani. Sheria iliyotambua mtu na shamba lake haikuwa na safu kwenye daftari ya mahali ambapo watu mia moja wanapita. Kwa hiyo madiko, kwa kadiri ninavyoelewa, yakaangukia moja kati ya mawili: yakawa ya serikali bila kuandikwa kuwa ni madiko, au yakamezwa pembezoni mwa kiwanja cha mtu. Kwa miaka mingi hakuna aliyehisi tofauti. Mwenye shamba la minazi hakuwa na shida na mitumbwi chini ya shamba lake, labda mwenyewe alikuwa na mmoja.

Shida ilikuja ufuo ulipopata bei. Miaka ya 1930 hoteli za kwanza za Wazungu zilifunguliwa Malindi, walowezi wa bara wakishuka kupumzika na kuvua kwa starehe. Ernest Hemingway alipita hapo 1934 kuvua samaki wakubwa. Tangu hapo Malindi ina wavuvi wa aina mbili, mmoja anaitwa mvuvi na mwingine anaitwa mgeni. Baadaye wakaja Waitaliano, na majumba ya makuti yenye kuta ndefu. Mashamba yaliyopimwa kwa sheria ile yaliuzwa, yakakatwa, yakauzwa tena. Hati ikahama kutoka mkono hadi mkono bila shida, kwa kuwa ndiyo kazi ya hati. Diko lililokuwa chini ya hati hiyo halikutajwa kwenye mauzo yoyote.

Mwaka 1968 hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zikatangazwa, za kwanza nchini na kati ya za kwanza Afrika. Ndani ya hifadhi hakuna kuvua kabisa. Nimewasikia watu wa rika langu wakiziita wizi mtupu, na wengine wakiziita wokovu mtupu. Ukipiga mbizi nje na ndani utaona tofauti kwa macho yako: ndani samaki ni wengi na wakubwa, na wanasayansi wameipima tofauti hiyo tena na tena. Sasa, kilichobadilika kwa mvuvi si samaki tu. Mashua ileile ambayo jana ilikuwa na haki ya kupita pale ikiwa na nyavu, leo inapita ikiwa na kioo chini na watalii juu, kwa karatasi tofauti. Baadhi ya wavuvi wakawa manahodha wa mashua za vioo na wakasomesha watoto kwa kazi hiyo. Wengine walibaki nje ya mpaka ambao hauna alama majini zaidi ya boya.

*

Kuna watu ambao karatasi ya chombo haikuwahi kuwa tatizo lao la kwanza. Wapemba.

Kwa vizazi wavuvi wa Pemba wamefuata kaskazi hadi pwani ya Kenya, wakipiga kambi kwenye fuo za Kilifi na Kwale. Kambi hiyo inaitwa dago, na kwenda kambini ni kwenda dago. Dago lilikuwa na adabu zake: mgeni huteremka, huenda kwa wazee wa pale, husema ametoka wapi na atakaa hadi lini, hutoa chochote, huonyeshwa pa kulala na pa kuanika. Hilo nalo ni kibali, kama tunataka kuwa wakweli, na chenye masharti makali. Tofauti ni kwamba anayekitoa anaishi kwenye diko, na atakuona kesho asubuhi ukirudi na samaki. Wengi walikuja dago wakaoa, wakazaa, wakabaki. Watoto wao wakazaliwa Kenya, na wajukuu pia.

Halafu leseni ikataka kitambulisho, na kitambulisho kikataka kabila, na orodha ya makabila ya Kenya haikuwa na Wapemba. Kwa hiyo ukawa na mtu aliyezaliwa Kilifi, anayejua kila mwamba kuanzia Takaungu hadi Ngomeni, ambaye kisheria hawezi kuwa mvuvi. Leseni hapati. Chombo hawezi kukisajili kwa jina lake. Hawezi kufungua akaunti wala laini ya simu, kwa hiyo hata pesa ya samaki inapita kwa jina la mtu mwingine. Tajiri anayemiliki chombo kwa karatasi ndiye anayepanga bei, kwani utamshtaki wapi? Doria ikionekana, unakata mshipi unakimbia. Uvuvi ambao baba zao waliuleta hapa, mitego na maarifa ya bahari ya kina, wakaufanya kama wezi.

Mwaka 2023 serikali iliwatambua Wapemba kuwa jamii ya Kenya, watu zaidi ya 7,000, na Julai mwaka huo vitambulisho vya kwanza vikatolewa kwenye hafla Kilifi. Wapo watu wazima walioshika kadi hiyo kwa mara ya kwanza wakiwa na wajukuu. Kwa hiyo ukinisikia nikizidharau karatasi, usinielewe vibaya. Karatasi moja iliyokosekana iliwanyima watu kazi pekee waliyoijua kwa miaka sitini, na ilipopatikana ikafungua milango yote kwa mkupuo.

Mfano mwingine unaonifurahisha uko kusini kidogo ya mji wa Kilifi, Kuruwitu. Samaki walipopungua, watu wa pale walianza kujipanga 2003, na miaka michache baadaye wakafunga kipande cha bahari yao wenyewe, kama ekari sabini na tano, wakasema hapa havuliwi. Hawakungoja mtu wa Nairobi. Walikiita tengefu. Samaki wakarudi, wakaanza kufurika nje ya mpaka kwenye nyavu za watu walewale waliofunga, na 2017 wakapewa tuzo ya kimataifa ya Equator. Tazama mwelekeo wa kibali hicho. Kilianzia ufuoni kikaingia majini. Karatasi za kisheria zilikuja kukifuata.

*

Narudi kwenye diko, kwa sababu ndilo lililo hatarini sasa hivi.

Katiba ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Watu wengi wa pwani wanaijua sentensi hiyo kwa moyo na huitaja kila ugomvi wa ufuo ukizuka. Ni sentensi nzuri. Lakini isome ukiwa umesimama kwenye diko. Alama ya maji kujaa iko wapi? Iko chini ya mkungu. Iko chini ya mzani, chini ya banda la kuhifadhia injini, chini ya makarai ya mama karanga, chini ya mashua zilizovutwa juu kutengenezwa wakati wa kusi, bahari ikiwa kali kwa miezi. Njia ya kupandia barabarani yote iko juu ya alama hiyo. Kwa hiyo Katiba imelinda mahali ambapo chombo kinagusa mchanga, ikanyamaza juu ya kila kitu kinachofanya mahali hapo pawe diko. Kilichobaki kinategemea kama kuna mtu aliwahi kukiandikisha, na mara nyingi hakuna.

Kuna diko kaskazini mwa Kilifi, sitalitaja kwa sababu watu wake wako mahakamani na wenye uwezo kuliko wao, ambapo kila mashua imepakwa namba ya usajili ubavuni, kubwa na safi, herufi za Kilatini kama walivyotaka wale wa Brussels. Leseni ziko kwenye mifuko ya nailoni ndani ya kofia za watu. Jaketi zimetundikwa kwenye mwembe. Ukikagua vyombo hutapata kosa. Mwembe wenyewe umo ndani ya kiwanja cha mtu aliyenunua miaka michache iliyopita, na ukuta umeanza kujengwa kutoka pande zote mbili ukielekea ulipo.

Njia ya zamani imefungwa kwa geti. Mama karanga wakichukua samaki wao wanazunguka kwa ufuoni, mwendo wa nusu saa na ndoo kichwani, hadi kwenye uchochoro mwingine ulio wazi. Wamejifunza kupanga biashara yao kwa kalenda ya mwezi. Maji yakiwa mafu wanapita wakati wowote. Siku za bamvua lazima wawahi, kwa sababu maji yakijaa yanafika hadi kwenye msingi wa ukuta, na ile ardhi ya umma yote inakuwa imezama.